Kumpima mwanafunzi si kumhukumu

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Aghalabu methali hii twaielekeza kwa mwanafunzi, tukimhimiza asione haya kumwuliza mwalimu wake jambo lililomtatiza. Lakini nionavyo mimi, ndugu msomaji, yamfaa mwalimu vilevile, tena pengine yamfaa zaidi. Mwalimu asiyeuliza hajui. Aweza kusimama mbele ya ubao mwaka mzima, akaandika na kufuta, akakimaliza kitabu tangu jalada hadi jalada, na asijue ni wangapi kati ya watoto waliomkabili walioelewa, na ni wangapi waliokuwa wakimtazama tu.

Haja ya kulizungumza jambo hili imetufikia majumbani. Kwa miaka mingi sisi watu wa Kenya tulimjua mtoto kwa nambari moja. Ulikuwako mtihani wa CPE, uliofanywa mwisho wa darasa la saba hadi 1984. Mwaka 1985 ukaja wa KCPE, uliofanywa mwisho wa darasa la nane, na huo nao ukafanywa mara ya mwisho 2023. Alama za KCPE zilikuwa 700 hapo mwanzo, na tangu 2001 zikawa 500. Kazi ya miaka minane ilipimwa kwa siku tatu, na sehemu kubwa yake kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto akitoka na 400 alichinjiwa mbuzi. Akitoka na 180 baba yake alipita njia ya uani ili asiulizwe na watu wa barazani.

Leo utaratibu ni mwingine. Tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, iitwayo KPSEA, ilianza 2022, na ile ya Gredi ya 9, iitwayo KJSEA, ikafanywa mara ya kwanza 2025. Katika hiyo ya Gredi ya 6, karatasi ya Baraza la Mitihani ilipewa sehemu ya 40 kwa mia, na 60 zikaachiwa kazi ambayo mtoto amepimwa shuleni mwake. Mzazi haletewi tena jumla ya alama. Huletewa maneno: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio. Nao wazazi, hasa sisi tuliozoea nambari, twauliza: "Sasa mtoto wangu amepata ngapi?"

Swali hilo silicheki. Lakini lipo la kutangulia mbele yake, nalo ni hili: kupima ni kwa ajili ya nini?

NAHODHA NA BILDI

Sisi ni watu wa bahari, basi na tuanze na bahari. Nahodha aingiapo mlango wa bandari asioujua, humweka baharia omoni na bildi mkononi. Baharia huitupa bildi, akapima kina, akapaza sauti: pima tano, pima nne, pima tatu. Nahodha akisikia, hugeuza usukani au hushusha tanga. Haitupwi bildi ili kuisifu bahari wala kuilaumu. Hutupwa ili nahodha ajue afanye nini wakati uo huo, kabla chombo hakijapanda mwamba.

Ipo na hesabu ya pili. Chombo kikishatia nanga, mwenye mali huja akahesabu shehena yake, magunia mangapi yamefika na mangapi yamerowa. Hesabu hiyo ni ya haki, na biashara haiendi bila yake. Lakini gunia lililokwisha kurowa halikauki kwa kuhesabiwa.

Tofauti hii ndiyo aliyoipa majina mtaalamu Michael Scriven, mwaka 1967, na tangu hapo walimu wa dunia nzima huitumia. Ya kwanza ni tathmini endelezi, impayo mwalimu habari wakati somo lingali njiani. Ya pili ni tathmini ya mwisho, itoayo hukumu baada ya safari. Taabu yetu ni kwamba tulikuwa na wahesabu shehena wengi sana, na watupa bildi wachache mno.

UBAO HUFUTWA UKISHAJUA

Hata hivyo hapa pwani tathmini endelezi si mgeni. Mimi nilianza chuoni, Mombasa, kabla ya kutia mguu shuleni, na sote tuliopita huko twaikumbuka desturi yake. Mtoto huanza na herufi, alifu, be, te, kisha hijai, kisha irabu, kisha sura fupi za juzuu ya Amma. Wazee waliotutangulia waliandikiwa somo juu ya ubao kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mtoto akishalishika, humwendea mwalimu, akakaa mbele yake, akasoma. Akisoma sawa, ubao huoshwa akaandikiwa somo jingine. Akikosea, huambiwa, "Nenda ukadurusu," na ubao wake hubaki vilevile hadi kesho.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyasimulia masomo ya chuoni katika kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, na mzee wa Mombasa au Lamu akikisoma leo hataona mambo mageni.

Zingatia, ndugu msomaji, hekima iliyomo humo. Kwanza, kila mtoto husikizwa peke yake. Pili, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Wawili walioanza siku moja, mmoja aweza kuwa Yasin na mwenziwe angali Amma, wala hapana anayesema huyu wa pili ameanguka. Hajafika tu. Tatu, kipimo chaamua somo la kesho. Mtoto haruki ng'ambo kabla hajavuka. Mtaalamu Benjamin Bloom wa Chicago alipoandika mwaka 1968 kwamba mwanafunzi asipelekwe mbele kabla hajalimudu lililo nyuma, nchi nyingi ziliona ni jambo jipya. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa akilifanya juu ya mkeka.

Lakini tusijisifu tukapita mpaka. Kipimo cha chuo kilikuwa cha ulimi na kumbukumbu. Kiliuliza, umeshika? Mara chache kiliuliza, umefahamu? Mtoto aliweza kuzihitimu juzuu zote 30, hitima ikasomwa na sahani za pilau zikaandaliwa, naye asiweze kueleza maana ya aya moja. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947, aliliona pengo hili. Katika magazeti yake ya miaka ya 1930, Sahifa na Al-Islah, aliwahimiza Waislamu wa pwani kutafuta elimu ya kufahamu, na mwenyewe akaanza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili ili watu wajue wanachokisoma.

Jingine ni bakora. Sitaki kuwavunjia heshima walimu wetu, kwani walitufunza kwa ujira mdogo na dua nyingi. Ila ukweli ni kwamba mtoto aogopaye fimbo hujifunza kuficha asichokijua. Huitikia pamoja na wenziwe, akafungua kinywa bila ya sauti kutoka. Sheria ya Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Wako wanaoona marufuku hiyo imewadekeza watoto. Mimi nitasema hili moja: kipimo cha kweli hutaka mtoto awe radhi kusema "sijui", na neno hilo halitoki mbele ya fimbo.

MTOTO ALIYEJUA AKANYAMAZA

Wako wanaodhani kwamba kumpima mwanafunzi kwa njia nyingi ni mambo ya Wazungu. La hasha. Tazama mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kama yalivyopokewa katika hadithi mashuhuri.

Mtu mmoja aliingia msikitini akasali kwa haraka haraka. Mtume akamwambia arudi akasali, kwani hakusali. Akarudi, akasali vilevile, akaambiwa tena, hata mara tatu. Mwishowe akakiri kwamba hajui kufanya vizuri kuliko hivyo, akaomba afunzwe; ndipo alipofunzwa hatua kwa hatua. Hicho ni kipimo cha vitendo. Hakuulizwa nguzo za sala ni ngapi, alitazamwa akisali. Na kosa lake halikuishia kwenye kosa, lilifungua mlango wa somo.

Mara nyingine Mtume aliwauliza masahaba: ni mti gani ambao majani yake hayapukutiki, nao ni mfano wa Mwislamu? Watu wakataja miti ya nyikani. Abdallah, mwana wa Umar, alikuwa mdogo katika kikao kile. Jibu lilimjia moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya watu wazima. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar alisikitika kwamba hakulitamka.

Kisa hiki kila mwalimu angekitundika moyoni. Katika kikao kile wengi walijibu na wakakosa, na aliyejua alinyamaza. Basi mwalimu atakayepima darasa lake kwa mikono iliyoinuliwa tu, hatamjua Abdallah wake ni nani. Na darasa la pwani, ambako mtoto hulelewa asitangulie kusema mbele ya wakubwa, lina akina Abdallah wengi, wa kiume na wa kike.

Kadhalika twajua kwamba kila Ramadhani Mtume alikuwa akidurusu Kurani pamoja na Jibrili, na mwaka aliofariki walidurusu mara mbili. Ikiwa yeye alirejea aliyoyajua, sisi ni nani tusirejee?

SEKUNDE MOJA NA SEKUNDE TATU

Turudi darasani. Huko Marekani, mtafiti Mary Budd Rowe aliwasikiliza walimu wakiuliza maswali, akahesabu muda wanaongoja kabla ya kumwita mtoto mwingine au kujibu wenyewe. Aliyoyachapisha mwaka 1974 yalishangaza: walimu walingoja kama sekunde moja tu. Walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliojitolea kujibu wakaongezeka, na wale wa "sijui" wakapungua. Haikuongezwa shilingi wala kitabu. Kilichoongezwa ni subira.

Nimekaa nyuma ya madarasa kadhaa ya hapa kwetu nikisikiliza, na mchezo ni ule ule. Mwalimu auliza, "Tumeelewana?" Watoto waitika, "Ndiyooo!" Somo linakwenda mbele. Lakini "ndiyo" hiyo ni itikio, si jibu, kama "amina" ya mtu asiyesikia dua.

Mwalimu mmoja nilimwona akifanya vingine. Darasa lake lilikuwa kubwa, wapata sitini. Aliandika hesabu ubaoni, 52 toa 38, akawaambia wote waandike jibu kwenye vipande vya kadibodi na waviinue juu kwa pamoja. Kwa kutupa jicho mara moja akaona majibu ya wote, wenye sauti na wenye haya. Wengi walikuwa na 14, ambalo ndilo. Lakini kama kumi hivi walikuwa na 26.

Mtihani ungewapa hao kumi kosa, basi. Mwalimu huyu alilisoma lile kosa. Watoto hawa waliona 2 haitoshi kutoa 8, wakageuza wakatoa 2 katika 8 wakapata 6. Kisha 3 katika 5 wakapata 2. Hawakubahatisha, walifuata kanuni waliyojitungia wenyewe. Akawakusanya kando na vijiti vya kuhesabia vilivyofungwa kumi kumi, akawafungulisha fungu moja. Dakika kumi zilitosha. Jibu la makosa lilimwonyesha mwalimu wapi pa kutia mkono.

MTELE NA MCHELE

Na liko la kwetu wenyewe. Nimeliona daftari la mtoto wa Mombasa aliyeandika, "Mama apika mtele." Neno "mtele" limepigwa mstari mwekundu, na chini yake alama, 4 kati ya 10. Hapana neno jingine.

Sasa niambie, ndugu msomaji, mtoto huyu amejifunza nini? Kimvita chasema mtele, kuteka na mato. Kiswahili sanifu chasema mchele, kucheka na macho. Mtoto hakukosa Kiswahili, alisema Kiswahili cha bibi yake. Angeandikiwa maneno machache kando, "Hivi ndivyo tusemavyo nyumbani, katika insha tuandike mchele. Tafuta maneno mengine mawili ya namna hii," angalipata lahaja mbili kwa bei ya kosa moja. Badala yake amepata fununu kwamba lugha ya nyumbani kwao ni makosa. Watoto waliozaliwa na Kiswahili mdomoni wakilichukia somo la Kiswahili, sababu moja ni hiyo.

Mtafiti Ruth Butler alilijaribu jambo la alama na maneno kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita, akachapisha matokeo mwaka 1988. Kundi moja lilirudishiwa kazi na alama tu. La pili lilipewa maelezo tu, limefanya vyema wapi na litengeneze wapi. La tatu lilipewa alama pamoja na maelezo. Lililoendelea mbele na kuzidi hamu ni lile la maelezo peke yake. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi kama hao, kwani mtoto akishaiona alama, macho hayashuki chini kusoma maneno. Miaka kumi baadaye, 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa London walizipitia tafiti zipatazo 250, wakasema kuwa tathmini inayomrudishia mtoto habari ya kumsaidia ni miongoni mwa mambo yanayoinua elimu kwa nguvu sana.

KUSIKIZWA MMOJA MMOJA

Kwamba mtihani wa mwisho peke yake ulikuwa ukitufumba macho, tulionyeshwa na Uwezo. Mpango huo ulianza Kenya 2009, ukiiga mfano wa India, ambako shirika la Pratham liliuanza mwaka 2005. Watu wa kujitolea huenda nyumba kwa nyumba na karatasi moja, wakamketisha kila mtoto peke yake asome herufi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Ripoti za Kenya za mwanzo wa miaka ya 2010 zilisema kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu, 3 tu au hapo karibu ndio walioiweza kazi ya darasa la pili. Saba wengine walikuwa wamekaa darasani, wamevaa sare, wamehesabiwa kila asubuhi, na hapana aliyewaketisha akawasikiza.

Tazama basi: kusoma mbele ya msikilizaji, mmoja mmoja, kuanzia herufi. Si ndio ule ule mkeka wa chuo?

Najua walimu watanijibu kwamba darasa la watoto sitini au themanini si chuo cha watoto ishirini. Wasema kweli. Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, madarasa mengi yamefurika. Lakini si lazima wasikizwe wote siku moja. Watoto watano kwa siku, kwa siku tano za wiki, ni 25. Kabla wiki tatu hazijaisha, wote sitini wamepitiwa. Kadibodi za kuinua hazina gharama. Swali moja la kuandikwa kwenye kijikaratasi kabla ya kengele humpa mwalimu somo la kesho. Na chuoni mkubwa alimsikiza mdogo kabla hajamfikia mwalimu; shuleni nako watoto wawili waweza kusikizana na kusahihishana.

Ninachokiogopa ni kwamba jina litabadilika na mambo yabaki yale yale. Kuna fomu zinazojazwa jioni moja kwa darasa zima, mtoto akapewa "kukaribia matarajio" na mtu asiyekumbuka sura yake. Kuna kazi za mikono zinazofanywa na baba usiku, mtoto akazibeba asubuhi akapimwa kwa ufundi usio wake. Kipimo cha namna hiyo kina ubaya kuupita mtihani wa zamani, kwani mtihani ulau alama zake zilikuwa za mtoto mwenyewe. Sehemu ile ya 60 kwa mia ni amana, na amana ina mwenyewe, naye ni mtoto.

Wazazi nasi tuna sehemu yetu. Mtoto arudipo jioni, kutoka shule au madrasa, tusianze kwa kumwuliza amekuwa wa ngapi. Tumwulize leo amejua nini ambacho jana hakukijua, na lipi limemshinda. Kisha tunyamaze, tungoje. Tusihesabu sekunde moja. Tumpe nafasi alitafute jibu lake, na akisema "sijui," tumshukuru kwa ukweli wake, kwani hapo ndipo mwalimu wake atakapoanzia kesho.